Redis inashikilia viti vya basi, nataka mawakala waifikie kwa HTTP. Nianzie wapi?

kodi_na_chai: Wakuu habari za majukumu. Nina sistimu ya tiketi za basi, PHP na MySQL, mteja akichagua kiti tunakishikilia dakika 5 kwenye Redis (hifadhidata ya kwenye memori) wakati analipa kwa simu, muda ukiisha kinajiachia chenyewe. Inapiga kazi fresh tu. Sasa wamekuja mawakala na app yao, kijana wao anasema yeye anajua HTTP na JSON basi, hayo ya poti 6379 ya Redis hataki kuyasikia, na mimi roho inasita kumfungulia. Nimewaza niweke REST (API ya HTTP) juu yake: GET kuangalia kiti, PUT kushika, DELETE kuachia. Kuna kitu cha tayari? Na spidi haitakufa?

bwana_seva: Cha tayari kipo mkuu, Webdis, seva ya HTTP inayokaa mbele ya Redis, iko poti 7379, unaita /GET/kiti12 inarudisha JSON umemaliza. Ila ile ni komandi za Redis zimevalishwa URL tu, na faili lake la webdis.json linakuja na 0.0.0.0, yaani inapokea watu kutoka kila upande, ukiiacha hivyo kwenye seva yenye IP ya nje mtoto yeyote anaandika /FLUSHALL (futa data yote) kwenye brauza, viti vyote kwishney. ACL (orodha za komandi zinazoruhusiwa) zipo humo humo, funga kila kitu acha komandi zako mbili tatu. Msichukulie poa, Februari 2018 GitHub walipigwa terabiti 1.35 kwa sekunde kupitia memcached (hifadhi ya memori, jamaa ya Redis) za watu zilizoachwa wazi.

mpare_wa_bakendi: Mi nasema andika mwenyewe, ni kodi ya jioni moja. Kosa utakalofanya nakwambia mapema: app inaita GET, inaona kiti kipo wazi, inaita PUT. Katikati hapo wakala wa Ubungo na wa Morogoro wote wameona kipo wazi, wote wanakishika, abiria wawili kiti kimoja na konda ndo anatukanwa. Kwa hiyo GET iwe ya kuchorea ramani ya viti tu. PUT /safari/88/viti/12 ndani yake iwe komandi moja, SET na NX (andika kama hakuna kitu tu) na EX 300 (kife baada ya sekunde 300), Redis ikijibu OK rudisha 201 kwamba kimeshikwa, ikijibu nil rudisha 409 app ijue kuna mwenzake kawahi. Hakuna GET kabla.

Spidi usiogope, Redis yenyewe haitasikia kitu, muda unaliwa na HTTP na kufungua konekisheni kila rikwesti, tumia pconnect ya phpredis (maktaba ya PHP ya Redis), inatumia tena konekisheni ile ile.

kodi_na_chai: Daah hiyo ya konda umenishika, maana PUT yangu ilikuwa inaandika juu ya mwenzake bila kuuliza 😂 Na DELETE je, naita DEL tu?

mpare_wa_bakendi: Hapana kaka. Dakika 5 zikimwishia wa kwanza, mwingine akakishika, halafu DELETE ya yule wa kwanza ikafika imechelewa sababu mtandao wake wa kobe, umemwachilia kiti mtu ambaye bado analipa. PUT irudishe tokeni ya nasibu, isiyokisika, ndo uiweke kama thamani ya kiti, DELETE aje nayo, skripti fupi ya Lua kwa EVAL (Redis inaiendesha yenyewe) ilinganishe, zikifanana ndo ifute.

bwana_seva: Na Redis ibaki 127.0.0.1, yaani ndani ya seva yenyewe tu, tafadhali.