Wa wodini acheni kufungua vifuniko vya tyubu za damu, matusi tunakula sisi wa maabara

Wakuu poleni na majukumu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na nyingine.

Mimi mtu wa maabara hapa Mwanza, kituo sikitaji, kazi bado naihitaji. Nimechoka kutukanwa dirishani. Mtu katoka zake Sengerema alfajiri, mama yake kachomwa, wamesubiri weee, halafu mimi ndo natakiwa nimwambie sampo imekataliwa warudi wakachomwe tena. Unadhani anamtukana aliyetoa damu? Ananigeukia mimi, "nyie mnataka hela tu".

Sasa sikieni. Zile tyubu za vifuniko vya rangi ndani zimetolewa hewa makusudi, ukiwa na sindano yake ya ncha mbili na kile kishikio cha plastiki tyubu inavuta damu yenyewe, ikifika kiasi chake inaacha. Basi. Kwetu uongozi unanunua tyubu maboksi kwa maboksi, vishikio na sindano zake hawanunui, eti gharama. Kwa hiyo nesi anavuta kwa bomba la sindano, anafungua kifuniko, anamimina. Mwingine hafungui, anachoma kifuniko anasukuma kwa nguvu zake zote, chembe nyekundu zinapasuka, nikizungusha kwenye mashine seramu (yale maji ya damu yanayobaki juu) inatoka nyekundu na potasiamu iko juu wakati mgonjwa hana shida yoyote.

Juzi kuna mzee potasiamu imesoma zaidi ya 9, kalsiamu karibu na sifuri. Jamani hayo ni majibu ya mtu ambaye moyo unasimama saa yoyote. Natoka mbio kumtafuta, namkuta kwenye benchi anakula muhogo wa kuchoma na kubishana mambo ya Simba na Yanga. Nikajua tu. Kuulizauliza, kumbe tyubu ya njano haikujaa wakaiongezea damu kutoka ya zambarau! Ya zambarau ina EDTA ya potasiamu, inakamata kalsiamu ili damu isigande, ndo maana inachukuliwa baada ya bluu, nyekundu na njano, halafu ya kijivu mwisho. Mpangilio wote umebandikwa wodini ukutani pembeni ya kalenda. Daktari angeyaamini yale majibu angeanza kumshusha potasiamu mzee wa watu aliye mzima.

Bluu ndo usiseme. Sehemu moja ya sitreti, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa tisa za damu, ikija nusu dawa inazidi na kipimo cha kuganda kinatoka kirefu cha uongo. Naletewa nusu naambiwa "jitahidi hivyohivyo". Nijitahidi nini, niongezee maji ya ziwa?

Za zambarau nazo zinakuja na mabonge, kuzipindua taratibu mara 8 mpaka 10 ni sekunde chache tu lakini hakuna anayefanya, platileti, zile chembe za kugandisha damu, zinasoma chache, mtu anaanza kuogopeshwa bure.

Na vituo vya visiwani, damu ya kupima sukari mnaiweka kwenye nyekundu, inapanda boti, inapigwa jua, chembe zinakula sukari njiani kote, ikifika kwangu mwenye kisukari anasoma yuko kawaida. Sangara akitoka mwaloni anawekewa barafu, damu ya mtu inasafiri kwenye mfuko wa jaketi la bodaboda. Ya kijivu yenye floraidi ya kuzuia chembe zisile sukari mnasema imeisha, ukienda stoo unakuta boksi limejaa vumbi na tarehe imepita, hizo hata ukichoma vizuri hazijai maana hewa ilishaingia.

Wa wodini najua mtakuja kusema mko wachache na foleni ni ndefu, kweli, ila kumchoma mtu mara mbili kunaokoa muda gani? Na mwenye duka la vifaa tiba hapa mjini anayeuza vishikio aweke bei hapa chini, nimpelekee bosi anayedai Mwanza nzima havipo.