UKOO WA BABU, MIKINDANI

*Alhamisi*

Anti Wakesho, 18:40: Hamjambo nyote. Kumpeleka Babu kilima cha Salaita, kule Taveta, ni Jumamosi ijayo, si hii. Tuko 23 humu, waliojibu ni wawili.

Anti Wakesho, 18:42: Treni ni ya saa mbili asubuhi, ile inayosimama Mariakani na Miasenyi. Tiketi *639#, kila mtu na kitambulisho chake. Stesheni ya Miritini fikeni saa moja kabla, mizigo hunuswa na mbwa.

Anti Wakesho, 18:45: Voi tunashika matatu ya Taveta, tunalala huko huko. Tukilala Voi asubuhi itatuishia barabarani. Kutoka Taveta kurudi Salaita ni kilomita kama 13 tu.

Mwadime, 19:10: Na panga? Ile miba haipitiki hivi hivi.

Anti Wakesho, 19:11: Panga halipandi treni. Suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu. Mwiba wa mgunga hutoboa ndala mpaka nyama.

Mghoi, 19:13: Kisaka kwaheri 😂😂

Kisaka, 19:13: Ndala zangu zina bima

Mghoi, 19:14: Mbwa akinusa mahamri ya Anti hatusafiri tena

Anti Wakesho, 19:20: Maji lita 3 kwa kila mtu, ya Babu abebewe. Pale hakuna mto, hata jeshi la Waingereza la 1916 lilivutiwa maji kwa bomba kutoka Bura. Tunaanza kupanda saa 12 na nusu kabla jua halijakaza. Fimbo mbili za Babu, kwenye mteremko ndiko magoti huumia.

Mwadime, 19:26: Kileleni kuna nini lakini? Tarehe 12 Februari 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipiga mizinga juu, kumbe Wajerumani wako mahandakini chini, vichakani. Makaburu waliokuwa upande wa Waingereza wakapigwa wakakimbia, Wabaluchi wa jeshi la India ndio waliowakinga.

Anti Wakesho, 19:30: Mchango 2,500, tumeni kwa simu yangu.

Mjomba Mwakio, 22:15: Nitatoa nikiona hesabu ya lile basi la Bura.

Anti Wakesho, 22:16: Hilo lilikwisha.

Mjomba Mwakio, 22:16: Lilikwisha kwako.

Mghoi, 22:17: 🍿

*Ijumaa*

Babu, 05:31: Nimesoma yote. Kilimani sipandi. Nipelekeni chini, kwenye mahandaki. Baba alipita pale na mzigo wa jeshi kichwani, hakuulizwa kama anataka. Nilipofika na kikosi changu tuliamriwa kupita tu. Safari hii nitasimama. Mwakio na Wakesho, hesabu ya basi ije kwangu Jumapili baada ya misa.

Mjomba Mwakio, 06:20: Sawa Baba.

Anti Wakesho, 06:22: Sawa Baba.

Anti Wakesho, 07:05: Basi mpango ni chini. Mahandaki yamejaa mchanga na nyasi, ukingo hauonekani, mtu hutumbukia. Piga fimbo mbele ndipo ukanyage, na nyoka asikie. Mwenyeji atutangulie, upande ule ndovu huvuka. Risasi kuukuu msiguse, msiokote. Kutu haiui baruti.

Mghoi, 07:30: Na ule mbuyu wanaosema mama wa Kijerumani alijificha akidungua watu?

Mwadime, 07:33: Tukienda mbuyuni Babu atachoka kabla ya mahandaki.

Anti Wakesho, 07:40: Nataka jina moja la kukaa na Babu kwenye matatu.

Mghoi, 07:41: Kisaka

Kisaka, 12:58: Niko zamu bandarini mpaka saa sita mchana Jumamosi. Niwafuate?

Anti Wakesho, 12:59: Kwa gari gani?

Anti Wakesho, 17:20: Kisaka?