Fundi kaniambia niongeze redio. REDIO!

MamaPremio_Kampala:
Jamani, naandika hapa vidole vinatetemeka. Huyo fundi mnamjua, msijifanye. Yule mwenye ovaroli isiyojua sabuni, anayeshika simu mbili kwa mpigo na kusema "nnyabo, gari tayari" huku gari lenyewe liko juu ya jeki, halina tairi. Nusu ya Kampala imeshamwachia pesa.

Nimempelekea Premio yangu. Nikikanyaga breki, mbele kunakwaruza krrrr, chuma kwa chuma, mpaka mbuzi wa jirani wanakata kamba. Usukani unavuta kushoto. Nimemweleza yote taratibu kama mtu anayemweleza daktari. Hakuinama. Hakugusa tairi. Kanitazama juu mpaka chini, kasema: "Mama, ongeza sauti ya redio."

Redio!

Na shilingi 50,000 za "kuangalia" kachukua. Kaangalia nini, redio?

Nimeteremka kilima cha Muyenga, kufika chini moshi unatoka gurudumu la kushoto na harufu ya kuungua imejaa gari zima. Kijana mwingine kafungua pale pale kando ya barabara. Kalipa ya kushoto, ile inayobana pedi kwenye diski, imeganda kwa kutu, haiachii, ndiyo maana gari linavuta upande huo. Pedi ya kulia bado nene. Ya kushoto haina nyama hata kidogo, kimebaki kibati kitupu kinang'aa, na diski ina mifereji ambayo ukucha unakwama ndani. Kuna watoto wangu wanapanda gari hilo! Halafu mtu mzima ananiambia redio!

Konda_Mstaafu:
Pole nnyabo. Lakini krrrr haiji siku moja. Kwanza hulia filimbi kali, ni kile kidude cha chuma kwenye pedi kinagusa diski kukuonya kwamba pedi inaisha. Ulikuwa unasikiliza nini wakati huo, redio? 😂😂

MamaPremio_Kampala:
Usinichekee! Filimbi niliisikia na nikampelekea huyo huyo. Akapiga pedi msasa, akasema ni vumbi. Kelele ikanyamaza kidogo, ikarudi na krrrr. Ndipo akaleta habari za redio.

Shuka_Kisoro:
Wako afadhali. Mimi pedali ilikuwa laini, mpaka upampu ndipo ishike. Hiyo ni upepo umeingia kwenye mabomba, dawa yake ni kuutoa na kutafuta unakoingilia. Wangu yeye akachukua mafuta ya usukani akayamimina kwenye kopo la mafuta ya breki! Raba zote zikavimba. Masta silinda, ile inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, na kalipa, vyote nje. Na mimi nateremka mlima wa Kanaba kuingia Kisoro na abiria nyuma!

MamaPremio_Kampala:
Alikuambia uongeze redio? Hakukuambia. Basi.

MzeeWaJinja:
Wanangu, mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishalewa maji kiwango hicho ni 155 tu. Ukikalia breki mteremko mzima yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, pedali inazama hadi sakafuni. Shuka na gia ndogo. Mafuta badilisha kila miaka miwili, hata kama gari halijalalamika.

Konda_Mstaafu:
Mzee, watu hapa hata oili ya injini wanasubiri taa iwake.

Premio_Nyeusi:
Yangu usukani unatetemeka nikikanyaga breki kwenye mwendo mkali, polepole hautetemeki. Ni nini?

MzeeWaJinja:
Diski haziko sawa, sehemu nene sehemu nyembamba. Zichongwe, na kama zimeshuka chini ya kipimo kilichoandikwa kwenye diski, nunua mpya. Zote mbili za mbele, si moja.

Premio_Nyeusi:
Mpya au mtumba?

Shuka_Kisoro:
Mtumba wa breki? Ssebo, una roho ngapi?

BodaMbale:
Nyinyi mna breki nne mnalia. Sisi tunamalizwa na matuta. Wanajenga tuta usiku, asubuhi halina rangi wala kibao, unaliona ukiwa hewani na abiria wako.

Premio_Nyeusi:
Aise hayo matuta! La mtaani kwetu limeng'oa eksozi.

Konda_Mstaafu:
Eksozi tu? Mimi shokapu zote mbili za mbele.

MamaPremio_Kampala:
Jamani, tulikuwa kwenye redio!

BodaMbale:
Nnyabo subiri kidogo. Konda, hizo shokapu umenunua bei gani?

Konda_Mstaafu:
Usiniulize, nitalia.

Shuka_Kisoro:
Sema tu, mimi nahitaji za nyuma.