Kusafiri nje ya msimu wa watalii: nijiulize nini kabla ya kuchagua mwezi?

Safarini (swali)

Habari zenu, wanajukwaa. Naomba ushauri wa wenye uzoefu katika jambo linalonitatiza. Mimi na mwenzangu tunapanga safari ndefu kidogo ya nje ya nchi, na kwa kuwa kazi zetu hazitulazimishi kufuata likizo za shule, tumekubaliana kusafiri wakati ambao watalii wengi wamekwisha kurejea makwao. Tunachokitafuta ni utulivu zaidi kuliko unafuu wa gharama: kutembelea mahali pa kihistoria bila kusukumana, kukaa ufukweni bila kugombea kivuli, na kupata nafasi ya kuzungumza na wenyeji ambao bado hawajachoshwa na maswali ya wageni.

Kila ninapouliza napata majibu yanayogongana. Wapo wanaosema kwamba nje ya msimu ndiyo raha yenyewe, na wapo wanaosema kwamba mahali penye watu wachache pana sababu yake, na sababu hiyo utaikuta mlangoni ukiwa umekwisha kulipa. Bado hatujachagua nchi. Tunapenda bahari, milima na wanyamapori kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo sihitaji orodha ya nchi na miezi yake. Nahitaji kujua nijiulize maswali gani ili niweze kutofautisha mwezi mtulivu wenye neema na mwezi mtulivu usio na kitu.

Ramani Kuukuu

Ndugu Safarini, kabla ya kuuliza ni mwezi gani una watu wachache, uliza kwa nini watu hawaendi mwezi huo. Kwa uzoefu wangu majibu hayazidi matatu: ama kalenda imewazuia, ama hali ya hewa imewafukuza, ama mahali penyewe pamefungwa. La kwanza ni faida tupu kwako, la pili ni la nipe nikupe, na la tatu mara nyingi ni hasara.

Nianze na kalenda, maana hapo pana faida ambayo wasafiri wengi huiacha. Katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, Julai na Agosti hufurika watu kwa sababu ndiyo miezi ya likizo ndefu ya shule barani Ulaya, wala si kwa sababu ndiyo miezi bora. Shule zikifunguliwa, familia huondoka, lakini bahari haifuati ratiba ya shule. Maji mengi huchukua muda mrefu kupata joto na muda mrefu kulipoteza, kwa hiyo mtu anayeogelea mwishoni mwa Septemba hukuta uvuguvugu uliokusanywa kiangazi kizima, ilhali anayekwenda mwishoni mwa Machi, wakati ambapo urefu wa mchana unakaribiana sana na ule wa Septemba, hukuta maji ambayo bado yana baridi kali. Ndiyo maana sipendi namna mawakala wengi wanavyoitia katika kapu moja miezi inayotangulia msimu na miezi inayoufuata, kana kwamba ni kitu kimoja. Kama unakwenda kwa ajili ya bahari, nenda baada ya msimu. Kama unakwenda kutembea kwa miguu katika magofu na vilima, nenda kabla yake, Aprili au Mei, wakati majani bado ni mabichi na maua ya porini yamechanua, kwa sababu kufikia Agosti vilima hivyo huwa vimekauka na jua la saa saba mchana halimruhusu mtu kusimama mbele ya nguzo ya kale kwa utulivu.

Kuhusu hali ya hewa, mfano ninaoupenda ni Maporomoko ya Victoria, yaliyo mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, ambayo yana upana wa takriban mita 1,700 na kimo cha zaidi ya mita 100. Mto Zambezi hujaa zaidi kati ya Machi na Mei, baada ya maji ya mvua za kaskazini kusafiri mwendo mrefu hadi kufika hapo. Wakati huo manyunyu hupanda juu kwa nguvu kiasi kwamba mtu aliyesimama kwenye njia inayoyakabili maporomoko huloa mwili mzima, husikia ngurumo ikimtetemesha kifua, na pengine asiuone kabisa ukingo ambao maji yanaangukia. Ikifika Oktoba na Novemba, sehemu kubwa ya upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu, na hapo ndipo unapoweza kuliona korongo lenyewe, kuta zake nyeusi na mipasuko ambayo mto umeichimba kwa muda usiohesabika. Hao ni wasafiri wawili waliokwenda mahali pamoja wakaona vitu viwili tofauti, na kila mmoja anaweza kurudi ameridhika ikiwa alijua tangu mwanzo alichokuwa anakifuata. Kwa hiyo usiridhike na maneno kama “msimu mbaya”. Uliza ni mbaya kwa nani na kwa shughuli gani.

Sababu ya tatu, yaani kufungwa, haihitaji maelezo mengi. Katika visiwa vidogo vya Ugiriki hoteli nyingi hufunga kuanzia Novemba hadi karibu na Pasaka, na safari za feri hupungua sana. Katika vijiji vya milima ya Alps ambavyo huishi kwa misimu miwili, ule wa kuteleza kwenye theluji na ule wa kiangazi, kuna vipindi vya katikati, hasa Mei na Novemba, ambapo magari mengi ya kamba husimamishwa kwa ajili ya matengenezo na mikahawa hufunga milango ili wafanyakazi wapumzike. Mgeni anayefika wakati huo hupata ukimya anaoutafuta, lakini hana njia ya kupanda juu wala pa kula.

Tausi

Naunga mkono maelezo ya Ramani Kuukuu, ila kalenda anayoizungumzia ni kalenda ya wageni, na ipo nyingine ambayo huwaponyoka watu wengi, nayo ni kalenda ya wenyeji. Unaweza kuchagua mwezi ambao watalii wa kigeni hawapo, ukafika na kukuta kwamba nchi nzima iko safarini. Nchini Japani, mfululizo wa sikukuu unaoanza tarehe 29 Aprili hadi 5 Mei hujaza treni na hoteli kwa wakazi wa nchi hiyo wenyewe. Nchini China, wiki inayoanza tarehe 1 Oktoba na siku za Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, huwatoa watu majumbani kwa wingi usio na mfano. Walio kusini mwa ikweta, kama Waaustralia, wana likizo yao ndefu ya shule Desemba na Januari. Jambo hili lina upande wake mzuri pia, maana mara nyingi wiki moja tu kabla au baada ya sikukuu hizo hutosha kubadilisha kila kitu. Usichague mwezi, dada au kaka Safarini, chagua wiki.

Umetaja wanyamapori, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona watu wakinyimwa mambo mazuri kwa neno “msimu” peke yake. Wageni wengi huenda Serengeti kati ya Julai na Oktoba ili kuwaona nyumbu wakivuka Mto Mara, na kwa kweli ni jambo la kuona. Lakini nyumbu hao hao huzaa kwenye tambarare za kusini, maeneo ya Ndutu, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi, na wengi wao huzaa ndani ya majuma machache ya Februari. Ndama husimama kwa miguu yake baada ya dakika chache tu, akiyumba, mama yake akimsukuma kwa pua, kwa sababu simba na fisi nao wanaijua tarehe. Mtu aliyeambiwa kwamba wakati wa kwenda ni Agosti pekee hataliona hilo. Msimu wa mvua kubwa, Aprili na Mei, ni suala jingine: nyasi huwa ndefu na kuwaficha wanyama, udongo mweusi hunasa magari, na baadhi ya kambi hufungwa. Hata hivyo anayependa mandhari ya kijani na mawingu mazito atafurahi, mradi asiwe amejiahidi kumwona chui.

Baharini hali ni hiyo hiyo. Visiwa vya Maldives huhesabiwa kuwa katika msimu mzuri kuanzia Novemba hadi Aprili, kukiwa na jua na bahari tulivu. Ila pepo za kusi ndizo zinazosukuma viumbe vidogo mno vinavyoelea majini hadi kwenye ghuba ndogo ya Hanifaru, katika kisiwatumbawe cha Baa, na samaki wakubwa wapana waitwao taa, aina ya manta, hukusanyika hapo kula, hasa kati ya Juni na Novemba. Msimu unaowafukuza watu ufukweni ndio unaowaleta samaki hao.

Mpanda Vilima

Nakubaliana na mengi, lakini sikubali kwamba kufungwa ni hasara na basi. Sehemu nyingine hufungwa ili zipone, na msafiri anayejali anapaswa kulijua hilo kabla ya kulalamika. Ghuba ya Maya nchini Thailand ilifungwa mwaka 2018 baada ya matumbawe yake kuharibiwa na mashua na umati wa watu, ikafunguliwa tena mwaka 2022, na sasa hufungwa kila Agosti na Septemba ili ipumzike. Njia ya kale ya Wainka inayoelekea Machu Picchu, magofu ya mji wao wa mlimani nchini Peru, hufungwa kila Februari, mwezi wa mvua nyingi, kwa ajili ya usafi na matengenezo, ingawa Machu Picchu kwenyewe hubaki wazi na huweza kufikiwa kwa treni.

Kuna pia mahali ambapo hakuna lango lililofungwa, lakini mgeni huombwa asiende. Katika milima ya jimbo la Vermont, Marekani, watembezi huombwa kuziepuka njia za juu wakati theluji inapoyeyuka, Aprili na sehemu kubwa ya Mei, kwa sababu ardhi iliyolowa hubomoka chini ya viatu. Mtu anayelikwepa tope hukanyaga pembeni, anayemfuata hukanyaga pembeni zaidi, na njia iliyokuwa ya mtu mmoja hupanuka na kuua mimea ya kandokando ambayo huchukua miaka mingi kurudi. Utulivu unaoutafuta, ndugu yangu, usiupate kwa gharama ya mahali penyewe. Swali la kuongeza kwenye orodha yako ni hili: je, mwezi huu ardhi, maji na viumbe wa huko wanaweza kumpokea mgeni bila kuumia?

Na usisahau mwanga. Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, mwishoni mwa Desemba hupata mchana wa takriban saa nne tu. Anayekwenda kutazama taa za kaskazini, yaani mianga ya rangi inayoonekana angani usiku, atafurahia usiku huo mrefu, lakini anayetaka kuzunguka kwa gari akitazama mandhari atajikuta akiendesha gizani kwenye barabara yenye barafu.

Safarini

Nawashukuru sana nyote. Mmenipa kile hasa nilichokuwa nikikihitaji. Mwenzangu sasa anavutiwa na visiwa vya Karibi mwezi Septemba au Oktoba, kwa sababu hoteli zina nafasi tele. Kwa kipimo cha Ramani Kuukuu, naona hapa sababu ni hali ya hewa. Je, hatari yenyewe ina uzito gani, na bima ya safari inasaidia kweli?

Mwanamaji

Safarini, msimu rasmi wa vimbunga katika Bahari ya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Kwa hiyo Septemba unayoitaja ndiyo katikati ya hatari. Hii haina maana kwamba kila kisiwa hupigwa kila mwaka, kwa kuwa siku nyingi za mwezi huo hupita na jua na manyunyu ya kawaida tu, lakini uamuzi wako usitegemee wastani, utegemee kama mnaweza kuvumilia siku moja mbaya kabisa. Jiografia nayo ina neno lake: visiwa vya Aruba, Bonaire na Curaçao viko kusini kabisa, karibu na pwani ya Venezuela, nje ya njia kuu ya vimbunga, na hufikiwa navyo mara chache sana kuliko visiwa vya kaskazini.

Kuhusu bima, jambo kubwa ni wakati wa kuinunua. Kwa kawaida kampuni za bima hazifidii tukio lililokuwa limekwisha kujulikana siku uliponunua, na kimbunga kikishapewa jina huhesabiwa kuwa kimejulikana. Anayesubiri hadi aone habari za dhoruba ndipo akimbilie bima huwa amechelewa, kwa hiyo inunue mara tu unapolipia nauli au hoteli. Soma pia sehemu inayoeleza ni lini unaruhusiwa kuivunja safari na kurudishiwa fedha, maana bima nyingi hulipa iwapo ndege zimesimama au mahali pa kulala pameharibika, wala hazilipi kwa sababu mvua imenyesha juma zima au kwa sababu umepatwa na hofu.

Na kabla ya kulipa, iandikie hoteli yenyewe, usiishie kwa wakala. Waulize kama mashua za kwenda kwenye matumbawe zitakuwa zikifanya kazi tarehe zenu, kama jikoni patakuwa wazi jioni, kama kuna ujenzi, kwa sababu ukarabati mkubwa mara nyingi huwekwa miezi hiyo, na kama wataruhusu kubadilisha tarehe bila adhabu dhoruba ikitangazwa. Omba majibu hayo kwa maandishi na uyatunze pamoja na tiketi.