Naomba ushauri: safari ya pikipiki za theluji na washkaji

Habari zenu wakuu. Niko Minnesota huku Marekani, kila Februari washkaji wa kazini wanaenda kaskazini kuendesha zile pikipiki za theluji siku tatu, mwaka huu na mimi nimekubali, sijui hata nilikuwa nawaza nini. Bodaboda nimepiga Mbeya miaka minne ila hii haina hata tairi, ni mkanda nyuma na ski (vibao vya kutelezea) mbele! Cheti cha usalama nishapata, huku ukizaliwa baada ya 1976 lazima uwe nacho. Kinachonitisha ni kukatiza ziwa, eti barafu yenye unene wa inchi 5 hadi 7 inatosha, na mie kuogelea sijui jamani. Mliowahi kwenda, mnavaaje? Na nikikataa kupita ziwani si watanicheka mwaka mzima?