Uyoga wa ajabu umeota uani kwangu Njeru: upi wa kula, upi wa kutupa?

Hajati wa Njeru

Asalaam aleikum jamaa, na wengine wote habari zenu.

Niko Njeru, ng'ambo ya mto ukitoka Jinja mjini. Kabla ya mvua za Machi niliagiza lori la maganda ya kahawa kutoka kwenye mashine ya kukoboa, nikatandaza chini ya migomba na kwenye maua ya mbele. Migomba imenawiri, sina neno. Ila mvua zilipokolea uani kumeota vitu vya aina tatu, na kila mtu hapa nyumbani ana fatwa yake.

Cha kwanza kiko kwenye hayo maganda. Nikitoka kuswali alfajiri nakuta yai jeupe limepasuka, ndani lina ute mzito, na humo umechomoza mguu mweupe wenye vitobo vitobo. Juu kuna kofia ndogo iliyopakwa uji wa kijani na kahawia. Chini ya kofia inaning'inia neti nyeupe, imesukwa kweli kweli, inakaribia kugusa ardhi. Ukiitazama kwa mbali utasema shela la bibi harusi. Sogea sasa! Inanuka mzoga, nzi wamejaa. Ikifika adhuhuri imeshalala chini yote. Jirani ameniambia nimerogwa, tena akanitajia mtaalamu wa kuja kuondoa, na bei yake. Nikamwambia kwa bei hiyo nanunua mbuzi.

Cha pili kiko kwenye ukoka, pale wajukuu wanapochezea mpira. Uyoga mweupe, kofia yake inazidi shubiri yangu, katikati ina magamba ya kahawia. Mguu ni mrefu, una pete ambayo ukiisukuma kwa kidole inapanda na kushuka. Umeota kwa duara.

Cha tatu kiko pembeni ya kichuguu, nyuma ya choo cha zamani. Vidogo vidogo vyeupe, kofia haifikii ukucha wa kidole gumba, lakini vimetanda ardhi yote huwezi kupitisha mguu.

Msichana anayenisaidia kazi, kwao Tororo, ameshasaga karanga na anasema hivi viwili vya mwisho vinaliwa. Mpangaji wangu ni Muganda wa ukoo wa Butiko, na uyoga ndio mwiko wao. Nilipomwuliza akacheka: "Hajati, mimi nitajulia wapi?" Basi nawauliza nyinyi. Picha sina, kamera ya simu imeingia ukungu.

Shaibu_Bombo

Hajati, kula tu bila wasiwasi. Sisi huku Bombo tangu utotoni tunajua: konokono na funza wakiula, na wewe kula. Ukiwa na shaka chemsha na chumvi, mwaga maji, tia kitunguu saumu. Kitunguu kikibadilika rangi, mwaga. Huo mkubwa mweupe ndio wenye nyama, mmoja unatosha familia.

Banda la Uyoga Mukono

Hajati, mwambie huyo binti aepue sufuria kwanza.

Mimi nalima uyoga wa mamama kwenye maganda ya pamba, na watu wananiletea uyoga wa porini wakidhani najua wote. Siujui wote. Ila huo wa kwenye ukoka, kwa maelezo yako (magamba katikati, pete inayotembea, duara kwenye nyasi), nauogopa. Nadhani ni Chlorophyllum molybdites. Unaota kwenye viwanja vya nyasi sehemu nyingi za joto duniani, na unawatapisha watu wengi kwa sababu unapendeza, mnono, na hauna harufu mbaya.

Una kitu kimoja unachoshindwa kuficha, nao ni rangi ya vumbi lake la spora, yaani mbegu zake ndogo ndogo. Fanya hivi. Chukua kofia iliyokwisha kufunguka, kata mguu karibu kabisa na kofia. Ilaze kwenye karatasi nyeupe, matamvua yakiangalia chini, yaani zile nyuzi bapa zilizopangana chini ya kofia. Funika na bakuli upepo usipite, acha hadi asubuhi. Spora zitaanguka na kuchora alama. Ikiwa ya kijani, zika uyoga wote shimoni. Usichukue kofia changa, maana matamvua yake bado meupe na hazijaiva spora za kutosha; hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Shaibu ndugu yangu, nisamehe, lakini hiyo ya konokono iache. Konokono na funza wana matumbo yao. Kuna uyoga wanaoutafuna vizuri kabisa ambao mtu akila ini linakufa. Kitunguu saumu, kijiko cha fedha, mchele kugeuka rangi, vyote havipimi sumu. Na sumu iliyo mbaya kuliko zote haiondoki kwa kuchemsha hata ukeshe na moto.

Huo wa neti haujatumwa na mtu. Ni wa jamii ya Phallus, na kazi yake ni kuozesha maganda uliyoyatandaza. Ule uji unaonuka umejaa spora. Nzi wanaitwa kwa harufu, wanakula, wanapeleka spora kwingine, kwa hiyo hauhitaji upepo. China kuna aina yenye neti wanayoiosha uji, wanaikausha na kuitia kwenye supu. Mimi sikushauri. Kama harufu inakera, fukua yale mayai kabla hayajapasuka. Kuugusa hakudhuru, nawa tu mikono.

Sasa hivyo vya kichuguuni ndivyo vinavyonitia hamu. Waganda wanaviita obubaala, wataalamu wanaviita Termitomyces microcarpus. Lakini mimi kwa maneno ya mtandaoni siwezi kukwambia kula. Chukua kijiko, fukua taratibu chini ya kimoja. Uyoga mkubwa wa vichuguu huwa na mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye kiota. Hivi vidogo havina mzizi huo. Vinaota kwenye chembechembe za kahawia ambazo mchwa wenyewe wamezitoa ndani na kuzimwaga juu. Zile chembechembe ni mabaki ya bustani yao. Mchwa hawa hula kwa kulima: wanaleta majani makavu na miti, wanayatandaza, uyoga unayalainisha, wanakula. Ni kazi ya zamani sana. Kule bonde la Rukwa, Tanzania, zimechimbuliwa bustani za mchwa zilizogeuka jiwe, umri wake miaka milioni 25.

Kwa hiyo angalia chembechembe, halafu alama ya spora: inatakiwa iwe ya waridi hafifu. Halafu ukishamaliza, vionyeshe kwa mama yeyote wa hapo kwenu anayevuna na kuviuza kila msimu. Jicho lake ni bora kuliko simu yangu.

Nesi mstaafu, Mbale

Naongezea kwa upande wa wodini, maana hapo ndipo nilipokutana na uyoga.

Huo anaousema mwenzangu wa Mukono huanza kutapisha na kuharisha mapema, mara nyingi ndani ya saa moja hadi tatu. Unatisha, pengine na damu kwenye choo. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida anapona akirudishiwa maji. Mtoto na mzee ndio wanaoishiwa maji haraka, hao msiwangojee.

Unaonitisha mimi ni ule unaokaa kimya. Mtu amekula mchana, jioni yuko sawa, analala. Tumbo linaanza baada ya saa 6, 12, hata zaidi. Anatapika, halafu siku ya pili anapata nafuu, anaomba chai, ndugu wanataka kumrudisha nyumbani. Kumbe ini linaharibika kimyakimya, na siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa manjano. Kwa hiyo mkiona mtu ameanza kuumwa saa nyingi baada ya kula uyoga wa porini, hiyo ni hatari zaidi ya yule aliyeanza mapema. Hospitali kubwa siku hiyo hiyo, na msidanganywe na nafuu.

Nendeni na mabaki: uyoga mbichi kama upo, au hata maganda mliyoyatupa jikoni. Ufungeni uyoga kwenye karatasi, sio kaveera, kwenye plastiki unaoza na hautambuliki. Maziwa hayaondoi sumu. Mafuta ya taa msithubutu.

Na hao wajukuu, Hajati, ung'oeni uyoga wa kwenye ukoka kila asubuhi kabla hawajatoka. Mwaka ujao utarudi, mwili wake mkuu uko chini ya ardhi.

Shaibu_Bombo

Haya, nimesikia. Lakini bibi yangu alikula maisha yake yote na akafa mzee.

Banda la Uyoga Mukono

Shaibu, bibi yako alikuwa anaujua uyoga wake mmoja mmoja, mahali unapoota na mwezi wake. Konokono alikutajia wewe ili umwache apike.

Hajati wa Njeru

Jamani, nimerudi na majibu.

Ule mkubwa niliulaza juu ya karatasi ya daftari la mjukuu, nikaufunika na bakuli la kioo ili nichungulie. Usiku sikuona kitu. Asubuhi nimeinua: alama ya duara, mistari imejipanga kutoka katikati kwenda nje, na rangi yake ni kijani chenye kijivu. Sio kidogo, ukipitisha kidole kinabaki na vumbi la kijani. Nikaenda kutazama mizee iliyobaki kwenye ukoka, nikaigeuza: hata matamvua yenyewe yameshaanza kuwa kijani, ilhali jirani yake mchanga bado ni mweupe kabisa. Nimemwita binti wa Tororo aone. Kakaa kimya, halafu kasema kwao ule wa kula hauoti kwenye nyasi za mpira. Sasa kwa nini hakusema jana? Tumeung'oa wote, tumeufukia nyuma ya uzio.

Vile vidogo nilifukua kwa kijiko. Kweli chini kuna chembe za kahawia, nyepesi, na mchwa wawili watatu wakakimbia. Alama yake ilikuwa hafifu nikadhani hakuna, mpaka nilipoipeleka dirishani nikaona waridi. Mama mmoja anayeuza obutiko sokoni alikuja mwenyewe kutazama, hakupima chochote, akainama akaanza kuvuna na kudai nusu yake. Tumekula kwenye mchuzi wa karanga na matoke. Mpangaji alipita mlangoni akasema harufu ni nzuri, akaendelea na safari yake.

Sasa nimeona nyingine! Kwenye kibao kilichooza kando ya maganda kuna vikombe vidogo vya kijivu, mdomo hauzidi ncha ya kidole, ndani vina punje bapa nyeusi. Hivyo navyo?

Banda la Uyoga Mukono

Hongera Hajati, umepima vizuri kuliko wengi wanaokuja bandani kwangu.

Hivyo vikombe ni Cyathus. Haviliwi na havina madhara. Subiri mvua: tone likitua ndani ya kikombe, punje inaruka nje, inaweza kufika kama mita moja, na ina uzi mdogo unaonata kwenye jani au ukuta. Ukikuta vitone vyeusi kwenye ukuta wako uliopakwa chokaa, usimpige mjukuu.

Kahawa Luweero

Samahani nimechelewa kuingia. Uyoga mmeshamaliza, mimi swali langu ni hayo maganda. Hajati, una miti ya kahawa hapo nyumbani?

Hajati wa Njeru

Ipo michache nyuma, ya robusta, alipanda marehemu mzee. Kwa nini? Mmoja majani yameanza kuwa manjano.

Kahawa Luweero

Ndiyo maana nimeuliza. Huo wenye neti unaonekana na unanuka, lakini kuvu inayomfilisi mkulima wa kahawa huioni. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa uligunduliwa hapa Uganda mwaka 1993, kule Bundibugyo, ukashuka ukamaliza robusta za watu wengi sana. Unaletwa na kuvu iitwayo Fusarium xylarioides. Maganda yaliyotoka kwenye miti yenye ugonjwa yanaweza kuusafirisha, na kwenye mashine ya kukoboa kahawa za watu wote zinachanganyika. Kwa migomba hayana neno. Chini ya kahawa usiyaweke, na yaliyopo yakusanye.

Huo mti wa manjano upime leo. Tumia kisu, kwangua gome la shina karibu na ardhi. Ukikuta mti wa ndani una michirizi ya bluu iliyokoza karibu na weusi, ndio wenyewe. Hautibiki. Ung'oe na mizizi uuchome hapo hapo ulipo, usiuburute kupita kwenye mingine, na panga uichome motoni kabla ya kugusa mti wa pili. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Kituza, Mukono, kimetoa miche ya robusta inayostahimili mnyauko, ulizia kwa afisa kilimo wa kwenu.

Ukikwangua ukakuta ndani ni peupe, tazama matawi. Kama ni tawi moja moja linalokauka kuanzia nchani na sehemu nyingine ya mti ni nzima, geuza tawi utafute kitundu cha sindano upande wa chini. Huyo ni mdudu mweusi mdogo anayetoboa vitawi. Naye ni mkulima kama mchwa wako: anatoboa, anapanda kuvu yake mle ndani, watoto wake wanaila. Kata tawi chini ya kitundu, lichome siku hiyo hiyo, usilirundike kando ya uzio.

Hajati wa Njeru

Kisu ninacho mkononi, naenda. Shina likiwa jeupe nitawaambia, likiwa la bluu naomba mtu wa Jinja au Njeru mwenye nguvu za kung'oa mti aniandikie hapa, chakula cha mchana kipo.