Morocco ukitoa mpira, wanapenda mchezo gani?

Mdau wa Michezo: Wakuu naombeni kujua, tangu wale jamaa wafike nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022 nasikia mpira tu, kwani hawana mchezo mwingine?

Babu Riadha: Riadha kaka! Nawal El Moutawakel alibeba dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi Los Angeles 1984, mwanamke wa kwanza Mwarabu kushinda dhahabu ya Olimpiki. El Guerrouj naye Athens 2004 akachukua 1500 na 5000 zote, yule mtu alikuwa hatari jamani.

Chepkemboi wa Eldy: Na El Bakkali msimsahau, Tokyo alitupokonya dhahabu ya kuruka viunzi na maji ambayo sisi Wakenya tuliishika tangu 1984, mpaka leo inaniuma, halafu Paris akarudia tena.

Mnyama Damu: Yote sawa ila dabi ya Casablanca ndo kila kitu, Raja kijani Wydad nyekundu, jukwaa zima linafunikwa na tifo moja kubwa, yaani lile pazia la picha wanalonyanyua mashabiki, na kuimba hawapumziki. Simba tulitolewa huko na Wydad kwa penalti 2023, kelele zile usiombe.

Mdau wa Michezo: Asanteni sana, huyo Nawal leo namtafuta YouTube.